Anza na Kilichoguswa: Umeme wa Gari Baada ya Gereji

Hiace ya abiria imeingia gereji Ngamiani asubuhi kubadilishwa klachi, na kabla ya magharibi imetoka. Klachi laini, gia zinaingia bila kukwaruza, mwenye gari amelipa na kushukuru. Alfajiri ya pili gari linapiga stata kwa uvivu. Taa za mbele zinafifia honi ikipigwa, na mshale wa joto kwenye dashibodi unapanda kila taa zinapowashwa, ilhali injini haijachemka. Mtu wa kwanza kuulizwa anasema betri imekufa. Betri mpya inanunuliwa, uvivu uko palepale. Wa pili anasema stata imekula brashi, stata inafunguliwa. Wa tatu anaitaja altaneta. Fedha zinazidi kutoka kwa ajili ya vifaa visivyo na ubovu wowote, na chanzo kipo chini ya gari muda wote huo: mkanda mfupi wa waya wa kusuka, uliokuwa umefungwa kwa bolti kati ya gia boksi na chesisi. Ulifunguliwa ili gia boksi ishuke. Haukurudishwa.

Visa vya namna hii ni vingi mno katika gereji zetu za Tanga, na wenzetu wa Mombasa na Dar es Salaam wanavijua vilevile. Ninalotaka msomaji alishike ni hili: gari likiingia gereji umeme wake ukiwa mzima, likatoka na hitilafu, chunguza kwanza kilichoguswa. Usinunue kifaa chochote kabla ya hapo. Vifaa hufa, ni kweli, lakini ni nadra altaneta ikachagua kufa siku ileile gia boksi iliposhushwa. Waya uliosahauliwa, soketi isiyoingia hadi mwisho, fyuzi iliyobadilishwa ukubwa, bolti iliyokazwa juu ya rangi mbichi, hayo huzaliwa siku ya kazi na hupatikana mahali pa kazi.

Basi muulize fundi maswali mawili. La kwanza, ulifungua nini? La pili ndilo lenye faida zaidi: ili ukifikie, ni nini kingine kilibidi kitoke njiani? Akiulizwa la kwanza atasema klachi, na ni kweli. La pili litamkumbusha swichi ya taa za rivasi iliyochomekwa ubavuni mwa gia boksi, soketi ya kihisi cha mwendo, waya mnene wa stata, na ule mkanda wa hasi. Kila kazi ya gereji ina mali yake ya njiani namna hii. Kubadilisha filta ya hewa ni kazi ya dakika tano, lakini katika Toyota nyingi tunazoendesha kihisi cha hewa kinakaa kwenye mfuniko wa filta au jirani yake; soketi yake ikibaki nje, injini inakohoa, inazima kwenye mataa, na taa ya injini inawaka. Mashine ya kupimia itatoa namba P0100 au P0102, na asiyejua atauziwa kihisi kipya. Bampa la mbele likitolewa kunyooshwa, taa za ukungu na honi ziko hatarini. Shokomzoba na beringi za magurudumu zina waya mwembamba wa ABS unaopita jirani. Ukinyofoka au ukibanwa vibaya, taa ya ABS huwaka. Usukani ukitolewa kisha ukarudishwa bila kuwekwa katikati sawasawa, utepe wa waya uliojiviringisha ndani yake hukatika unapokata kona kali ya kwanza, honi inakufa pamoja na mfumo wa mifuko ya hewa.

Nyuma ya gari kuna balbu yenye nyuzi mbili, mmoja wa wati 5 kwa taa ya kawaida na mwingine wa wati 21 kwa breki. Akiweka mtu balbu ya uzi mmoja kwa kulazimisha, njia mbili za umeme zinaungana: unakanyaga breki mchana kweupe, taa za dashibodi zinawaka. Madereva wengi huliona jambo hilo wakadhani gari lina jini. Balbu ya bei ndogo inalimaliza.

Tuurudie mkanda wa hasi, maana hapa ndipo penye kisa kirefu na ndipo watu wengi hupotelea. Katika gari, chanya hupita kwenye nyaya zenye ganda na fyuzi, watu huziona na kuziheshimu. Hasi haina waya wa kuonekana kila mahali; bodi lenyewe ndilo njia ya kurudi. Betri imeunganishwa na bodi, na imeunganishwa na injini. Injini imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo bila nyaya nene za kuiunganisha inabaki kisiwa. Mkanda mmoja ukikosekana, umeme hautulii. Unatafuta njia nyingine ya kurudi nyumbani. Utapita kwenye kebo ya gia, kwenye kebo ya mafuta, hata kwenye vyuma vya beringi. Kebo ikipata moto wakati stata inapigwa, usitafute dalili nyingine.

Hesabu yenyewe ni ya Georg Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827, na haijabadilika: volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani. Stata ya gari dogo inaweza kuvuta ampea 150. Maungio yenye kutu yakiwa na ukinzani wa omu 0.01 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haitakionyesha, zidisha: volti 1.5 zimeishia hapo. Betri ya volti 12 iliyokwisha kushuka hadi 10.5 kwa uzito wa stata inaipatia stata 9, nayo inazunguka kama imechoka. Ndiyo maana kupima waya kwa mlio wa mita, ile "tii" ya kuonyesha kwamba umeme unapita, hakutoshi. Waya wenye nyuzi arobaini ukibakiwa na uzi mmoja bado mita italia. Waya lazima upimwe ukiwa kazini.

Njia ni rahisi, na mwenye gari yeyote anaweza kujifunza kwa mchana mmoja. Weka mita kwenye volti za betri. Ncha moja igusishe nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe, si kibanio kilichoivaa. Ncha ya pili igusishe chuma kisafi cha injini. Mwenzako apige stata. Mita ikisoma 0.2 au chini yake, njia ya hasi ni nzima. Ikisoma volti nzima au zaidi, umepata, na hujatumia senti. Rudia kati ya nguzo hiyo na bodi huku taa zote zimewashwa. Upande wa chanya nao hupimwa vivyo hivyo, kutoka nguzo ya chanya hadi skrubu nene ya stata, na hapo nusu volti inavumilika.

Kabla ya vipimo hivyo pima betri yenyewe, kwani betri iliyolala hudanganya vipimo vyote vinavyofuata. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu tu. Injini ikiwaka, volti zinapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5; zisipopanda, angalia soketi ya altaneta na fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT kabla ya kuituhumu altaneta. Mtu akiwa amegeuza vichwa vya betri hata kwa sekunde moja, au amebusti gari kwa kukosea rangi za nyaya, fyuzi hiyo huungua kwanza, na mara nyingi daiodi za altaneta huifuata.

Fundi wa Dodoma anaweza kuacha waya umetobolewa na asisikie habari zake mwaka mzima. Huku kwetu haiwi hivyo. Gari linalolala Raskazone, Sahare au Mwambani linapumua upepo wa bahari usiku kucha, kaskazi na kusi, katika mwambao uleule ambao watu wanavuna chumvi. Hewa ina unyevu na unyevu una chumvi. Mafundi wengi hutafuta umeme kwa taa ya majaribio yenye sindano: wanachoma ganda la waya, taa inawaka, wanaendelea. Tundu hilo halionekani kwa macho. Unyevu huingia humo na kutembea ndani kwa ndani kati ya nyuzi za shaba, na shaba inageuka unga wa kijani. Masika yanaingia, mvua inapiga kuanzia Machi, na ifikapo Mei gari linazima bila sababu barabarani. Mwenye gari amekwisha kusahau kwamba Desemba aliwahi kupeleka gari likatafutiwe tatizo la indiketa. Mimi nahesabu hii kuwa hitilafu ya gereji sawasawa na ile ya siku ya pili, ila yenyewe hukawia kutoa kichwa.

Kwa hiyo pwani tuwe wakali kuhusu maungio. Nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi hazifai. Joto la boneti huyeyusha gundi ya tepu, tepu inafunguka, maji yanaingia. Waya uunganishwe kwa kipande cha kubana au ulehemiwe, kisha ufunikwe kwa bomba la plastiki linalonywea likipata moto, lile lenye gundi ndani. Soketi zinazokaa chini ya boneti zina pete za mpira, mara nyingi za rangi. Pete ikianguka wakati wa kufungua, soketi itabana vizuri, itatoa ule mlio wa "tak", na miezi michache baadaye pini zake zitakuwa za kijani. Ukiona pete ya mpira sakafuni gereji, iulizie ni ya wapi. Penye hasi ya bodi, chuma kikwanguliwe hadi king'ae, bolti ikazwe, ndipo kipakwe grisi juu. Wapiga rangi hasa wakumbushwe: baada ya bodi kunyooshwa na kupuliziwa, sehemu za hasi huwa zimefunikwa na rangi nzuri isiyopitisha umeme. Katika Toyota waya wa hasi aghalabu ni mweupe wenye mstari mweusi. Ufuate hadi mwisho wake uone umekanyaga nini. Na mchomeaji asianze kuchomelea bodi kabla kichwa cha hasi hakijatolewa kwenye betri. Mkondo wa mashine yake ukipotea njia huingia kwenye kompyuta ya gari.

Katika magari ya mtumba kutoka Japani kuna mlango mwingine wa matatizo, nao ni redio. Kule FM ilipangwa kuanzia MHz 76 hadi 90, yetu inaanzia 87.5 hadi 108, kwa hiyo gari likifika hapa redio yake haipati stesheni nyingi. Mnunuzi anakwenda kufungiwa redio ya Android na kamera ya nyuma. Wakati huohuo anaomba kile kifaa cha kulipia barabara za Japani kitolewe, kile chenye sauti ya mwanamke anayesema Kijapani kila unapowasha gari. Kinakatwa, na ncha zake mbili zinaachwa wazi nyuma ya dashibodi, moja ikiwa na umeme masaa yote. Redio nayo inahitaji nyaya mbili za chanya: mmoja wa kudumu kwa ajili ya kumbukumbu, mwingine unaokuja na ufunguo. Fundi mwenye haraka huziunganisha zote mbili na wa kudumu, redio inawaka, kazi imekwisha. Usiku redio hailali.

Gari lenye afya, likiwa limezimwa na kompyuta zake zimelala, halipaswi kuvuta zaidi ya ampea 0.05. Kwa betri ya NS60, yenye takribani Ah 45, hayo ni masaa 900, zaidi ya mwezi. Redio au kamera isiyolala ikivuta ampea 0.5, betri hiyohiyo imekauka kabla ya siku nne. Betri iliyokuwa na nusu inakauka kwa siku mbili, ndiyo sababu mtu aliyesafiri Ijumaa na kuliacha gari nyumbani Usagara hulikuta Jumapili limekufa kimya. Kumkamata mwizi huyu usichomoe fyuzi ovyo, kwani kuchomoa na kurudisha huziamsha kompyuta na kukuvuruga. Funga milango, subiri nusu saa, kisha gusisha ncha za mita kwenye vidoti viwili vya chuma mgongoni mwa kila fyuzi, mita ikiwa kwenye milivolti. Fyuzi isiyopitisha kitu husoma sifuri. Yenye namba ndiyo inayopitisha, na jina lake kwenye mfuniko litakuelekeza kwenye chumba cha mwizi. Wenye mabasi ya mikoani, yanayofungwa kifaa cha VTS cha LATRA cha kufuatilia mwendo, na wenye magari yaliyofungwa alamu au GPS, waanze uchunguzi hapohapo, kwa sababu kifaa cha kuongezwa aghalabu huingia kwa kukata waya wa mtengenezaji.

Fyuzi zenyewe zikaguliwe kila gari litokapo kwenye kazi ya umeme. Rangi zinasema: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Linganisha na maandishi ya mfunikoni. Ukikuta ya kijani kwenye tundu la 10, mtu alichoka kuona fyuzi inaungua akaamua kuinyamazisha. Fyuzi imewekwa kulinda waya. Ukiiongeza, waya mwembamba unabeba mzigo usio wake, ganda linayeyuka nyuma ya dashibodi, na moto wa gari huanza hivyo. Kipande cha waya wa shaba kilichochomekwa badala ya fyuzi ni hatari zaidi, na gari lenye kitu hicho lisiondoke gereji.

Kuna dalili za baada ya gereji ambazo si ubovu. Betri ikitolewa, kompyuta husahau. Injini inaweza kunguruma juujuu au kutikisika kwa muda hadi ijifunze upya, kioo cha dereva kilichokuwa kikipanda chenyewe kinakataa mpaka ukipandishe na kuishikilia swichi kwa sekunde chache, saa inarudi mwanzo. Ipe safari ya siku moja kabla ya kulalamika. Kwa sababu hiyohiyo ya kusahau, taa ya injini ikiwaka usimruhusu mtu achomoe betri ili "aizime". Namba zilizohifadhiwa ndizo ushahidi wako. Zisomwe na kuandikwa kwanza. Injini iliyooshwa kwa maji ya nguvu ili irudishwe ikimetameta, kisha ikawa inakosa silinda moja, mara nyingi ina maji kwenye kisima cha plagi. Koili itolewe, ikaushwe, pasikaguliwe kitu kingine kabla ya hapo.

Na yapo ya kutoyagusa. Nyaya za njano chini ya usukani ni za mifuko ya hewa. Usizichome sindano wala kuzipima kwa mita, na anayelazimika kuzifungua aondoe hasi ya betri na kusubiri zaidi ya dakika moja na nusu. Nyaya za rangi ya chungwa kwenye Prius na Aqua zinabeba umeme wa betri kubwa, volti 201.6 kwa Prius nyingi na 144 kwa Aqua nyingi. Kiasi hicho kinaua, na anayefungua magari hayo awe amefunzwa kazi hiyo na ana glavu zake.

Tumekuwa tukimfuata fundi mkononi, na haki yake nayo isemwe. Betri ya miaka minne iliyoingia gereji ikiwa inapumulia puani, milango ikaachwa wazi mchana kutwa taa za ndani zikiwaka, itamalizikia pale bila fundi kuharibu kitu. Kipimo cha haki ni kilekile: je, hitilafu iko mahali palipoguswa, au njiani kuelekea hapo? Kama alibadilisha brekipadi za mbele na leo wipa hazifanyi kazi, usimshike shati. Tafuta upya ukianzia kwenye fyuzi.

Ukiwa na namba mkononi, rudi kwa fundi yuleyule kabla ya kwenda kwa mwingine. Yeye ndiye anayekumbuka alichofungua. Fundi wa pili ataanza na gari lenye mikono miwili ndani yake. Na urudi kwa adabu ya huku kwetu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Gari vipi tena?"

"Klachi iko safi, nakushukuru. Ila stata imekuwa nzito tangu juzi. Nimepima kati ya hasi ya betri na injini wakati wa kupiga stata, inasoma 1.4. Naomba tuuangalie mkanda wa hasi wa gia boksi."

Ukisema hivyo hujamtukana mtu, na hujamwachia nafasi ya kukuuzia betri. Fundi muungwana atachukua kitambaa na kuingia chini ya gari. Akishaukaza mkanda, usiwashe gari na kuondoka kwa kuwa stata imesikika vizuri. Toa mita, mwombe apige stata tena, msome pamoja. Namba iliyopatikana iandikwe kwenye risiti, pamoja na volti za betri injini ikiwa imezima na ikiwa inawaka, na tarehe. Siku nyingine gari likienda gereji, liwe la kupaka rangi au la kubadilisha shokomzoba, namba hizo tatu zichukuliwe kabla ya kazi kuanza na zichukuliwe tena kabla ya kulipa.